Simu Inakupa Bei, Haikupi Ghala

M-Pesa ilipoanza 2007, shosho wa Mwingi aliacha kungoja bahasha ya pesa ije na basi kutoka Nairobi. Siku hizi anapiga simu kujua bei ya ndengu sokoni. Poa. Lakini tusidanganyane: kujua bei si sawa na kuweza kuingoja ipande.

Kitui kuna nafasi. Ndengu zikikaushwa vizuri na kufungwa kwenye gunia lisilopitisha hewa, zinakaa miezi bila kuliwa na wadudu. Broka akileta bei ya kuudhi, unamwambia aende akafikirie tena.

Makueni, embe halikungoji. Yanaiva kwa pamoja, na yakianza kulainika, broka ndiye anapanga bei hata ukiwa na bando za mwezi mzima. Kaunti ilijenga kiwanda cha maembe kule Kalamba. Ni mwanzo mzuri, ila kiwanda kimoja hakimalizi maembe ya kaunti nzima.

Kwa hivyo tukiambiwa teknolojia itaokoa vijana wa Ukambani, tuulize: vikaushio vya sola viko wapi? Na vyumba vya baridi?

Na wewe mwenye simu, kabla broka hajafika kwenu, pigia masoko mawili matatu. Mama asiuze gizani.