Mbege Haina Lebo



Katika vilabu vya Ilala, si mbali na soko la Kariakoo, tumewasikia watu wakionja mbege na kuikosoa kwa kuilinganisha na bia ya chupa: eti ni nzito, ina machicha, ina uchachu. Hukumu hiyo hatuikubali. Uzito wake ni wa ulezi. Utamu wake watoka katika ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke. Na ule uchungu wa mwisho, ambao twaupenda kuliko yote, ni wa gome la msesewe. Anayetaka kinywaji kilichochujwa kikang'aa, na aagize chupa.

Lipo kosa la kweli, nalo ni la muuzaji. Mbege haikai, ya jana si ya leo. Iliyochacha ikitiwa maji na sukari humdanganya mgeni asiyeijua ladha ya Uchagani, wala hakuna lebo ya kumwonya. Na mama aliyeihangaikia kwa siku kadhaa, akanunua ulezi kwa bei ya mjini, huuza kando ya mjanja huyo kwa bei ileile. Sisi huomba kuonja kwanza. Tukikuta sukari, kata twairudisha.