Mteja Mfalme na Bunduki Yake

Maduka mengi ya kwetu yana bango moja, limebandikwa ukutani nyuma ya muuzaji: mali ikishauzwa hairudishwi. Ndiyo maana tukisikia habari za viwanda vya bunduki vya Marekani tunabaki midomo wazi. Mwindaji anapiga simu, anapokelewa kwa sauti ya asali, anaelekezwa namna ya kuifunga bunduki yake na kuituma kiwandani (sheria ya kule inamruhusu), na baada ya wiki chache inarudi mlangoni kwake imetengenezwa, bure. Huyo atakuwa mpiga debe wa kampuni maisha yake yote. Kiwanda kinachojali wateja, atawaambia wenzake, ni kiwanda kizuri.

Mimi nakataa. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakusema kizuri chatengenezwa bure.

Tazama Remington, kampuni iliyoanza mwaka 1816 katika jimbo la New York, na bunduki yake ya kuwindia iitwayo Model 700. Iliingia sokoni mwaka 1962 ikauzwa kwa mamilioni. Ndani yake mlikuwa na triga iliyobuniwa miaka ya 1940 na mhandisi wao, Mike Walker. Wenye bunduki wakaanza kulalamika kwamba inalia bila triga kuguswa. Wengine walisema ililia pale tu waliposogeza kizuizi cha usalama. Na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu kwenye bunduki zilizotengenezwa kabla ya 1982, kizuizi kikiwekwa, bolti, yaani komeo la chemba, nayo inajifunga. Aliyetaka kutoa risasi kwenye chemba, yaani mtu anayefanya jambo la busara kabisa, alilazimika kwanza kuondoa usalama.

Walker mwenyewe alipendekeza marekebisho mapema, mwaka 1948. Gharama yake ilikadiriwa senti tano na nusu kwa kila bunduki. Wakubwa hawakuyachukua. Mwaka 1979 wakakaa kikao, na kumbukumbu zake, zilizokuja kujulikana kupitia kesi, zinaonyesha hesabu iliyopigwa mezani: ingebidi kukusanya bunduki milioni 2 ili kuzipata 20,000 zinazoweza kuwa na kasoro ile. Hazikukusanywa.

Je, wateja walitupwa? Hata kidogo. Mtu aliyetuma bunduki iliyolia yenyewe alikaguliwa bunduki yake, kisha akajibiwa kwa barua yenye adabu kwamba wameipima na kasoro haikujitokeza. Mwaka 2002 ukatangazwa mpango: lete bunduki yako ya zamani, tutakuondolea ile bolti ya kujifunga kwa dola 20, nawe utapewa kuponi ya dola 20 ya kununulia vifaa vyetu vya usalama. Triga ikabaki ileile. Ukitafuta huduma ya kistaarabu zaidi ya hiyo utachoka.

Kampuni, tuseme haki, ilishikilia siku zote kwamba bunduki zake ni salama na kwamba ajali hutokana na uzembe wa washikaji. Hata suluhu ya mahakamani, iliyopendekezwa 2014 na kuidhinishwa 2017, haikuwa na kukiri kosa. Ilihusu bunduki zipatazo milioni 7.5, na wengi wa wenye nazo walikuwa na haki ya kubadilishiwa triga bila malipo. Hadi inaidhinishwa, waliokuwa wameomba hawakufika hata mmoja katika kila mia. Sishangai. Kwa nini uogope kitu ulichouziwa na rafiki?

Najua nitaambiwa habari za Ruger, kiwanda kingine cha bunduki cha Marekani. Bastola zake za zamani, zilizotengenezwa kabla ya 1973, zingeweza kulia zikianguka, na tangu 1982 kampuni hiyo imekuwa ikizifungia kifaa cha usalama bure kwa yeyote anayezipeleka. Ni jambo jema, nami nalisifu kama ninavyomsifu mtu anayelipa deni. Simwiti mkarimu.

Kosa letu kubwa ni kuliita hilo ukarimu, na sheria ya Marekani imelisaidia kosa hilo. Bunge la kule lilipounda tume ya usalama wa bidhaa mwaka 1972, bunduki ziliwekwa nje ya mamlaka yake. Tume hiyo inaweza kuandama mtengenezaji wa pasi au wa mwanasesere mpaka bidhaa irudi. Mtengenezaji wa bunduki haimgusi. Akiamua kuziita bunduki zirudi, ni kwa hiari yake au kwa kusukumwa na kesi. Kwa hiyo hisani ndiyo imekalia kiti cha sheria, na mteja, huyo tunayemwita mfalme, anashukuru kwa kupewa kile ambacho mwenye pasi angeweza kukipata kwa amri.

Na hisani hufilisika. Remington ilifilisika mwaka 2018, ikafilisika tena 2020, ikauzwa vipandevipande.

Basi msomaji, siku ukimsikia mwindaji akisifia jinsi alivyohudumiwa, usimkatize. Mwache amalize, kisha muulize bunduki yake ilikuwa na kasoro gani, na waliomtengenezea bure walikuwa wakiijua tangu lini.