Bastola Italala Wapi?

Majuzi nilikwenda kumtazama mpwa wangu huko Litein, katika nchi ya chai ya Kericho. Kabla hata sijavua koti la mvua alinitolea karatasi aliyoandika kwa mkono wake majina ya bastola tatu. "Mjomba," akaniambia, "wewe ulipata kuwa nayo. Hebu nipe shauri, ninunue ipi?"

Nilimjibu kwamba swali lake si baya, ila amelianzia mkiani. Tukabishana siku tatu, na kwa kuwa najua wako wengi hapa pwani wenye watoto na ndugu waliofungua maduka huko bara, nimeona si vibaya mabishano yetu nikayaleta mbele ya wasomaji.

Kwanza nimtendee haki kijana wangu. Yeye si mtu wa kujionyesha wala hakuyatoa haya katika sinema. Anauza misumari, mabati na saruji. Wateja wake ni wakulima wadogo wa chai, na mkulima wa chai hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa kilo alizochuma, kisha aghalabu mwezi wa Oktoba hupata ile bonasi ya mwaka. Hapo ndipo watu huezeka nyumba, hulipa madeni na kununua ng'ombe. Duka hujaa. Na wezi nao wana kalenda kama sisi sote. Oktoba iliyopita walimvizia usiku akifunga duka, wakamlaza chini juu ya matope, mmoja akamwekea panga shingoni huku mwenziwe akipekua droo. Waliondoka na mauzo ya siku mbili. Mkewe alikuwa chumba cha nyuma na watoto wawili, anasikia kila neno. Tangu siku hiyo mama yule halali mpaka aone mlango umetiwa komeo mara tatu.

Mtu aliyepatwa na hayo usimwambie "subiri tu" kisha ukaenda zako. Kituo cha polisi kiko mbali kidogo, mvua ya Kericho hunyesha karibu kila alasiri, na usiku ule ukungu hukaa juu ya mashamba hata taa ya jirani huioni. Kwa hiyo sikumcheka.

Lakini mimi nina kisa changu, na ni wajibu wangu kukisema kabla ya kumshauri mtu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na miaka yangu mingi nimeila katika shughuli za chai. Huenda vijana wasijue kwamba mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi ukaletwa Mombasa mwaka 1969, na ndiyo sababu majani yachumwayo Kericho na Bomet huja kulala katika maghala yetu ya Shimanzi kabla ya kupakiwa melini. Nilikuwa na malori mawili ya kubebea chai hiyo, na kila Jumamosi nikiwalipa vibarua kwa fedha taslimu. Mwaka 2007 niliomba kibali cha bastola, nikapewa. Nilikaa nayo zaidi ya miaka kumi na moja.

Katika muda wote huo sikupata kuielekeza kwa mwizi hata siku moja. Niliielekeza kwa mtu mara moja tu. Ilikuwa Ramadhani ya 2016, katika kumi la mwisho, saa nane za usiku, na umeme umekatika. Nilisikia kitu kikiparuza ukuta wa ua, kisha kishindo cha mtu kuruka. Bastola ilikuwa chini ya mto, mahali ambapo haikustahili kuwa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kufungua na kufunga sefu kila siku. Nikasimama nyuma ya mlango wa ua. Mlango ukasukumwa polepole, akaingia mtu aliyejitanda shuka kichwani. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kifyatuo. Mtu yule akakohoa. Nilikijua kile kikohozi, maana ni mimi niliyekuwa nikikesha nacho miaka ile mwanangu alipokuwa na pumu. Alikuwa ametoka msikitini katika sala ya usiku, amesahau ufunguo, na hakutaka kumwamsha mama yake.

Sikumwambia. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani mpaka daku. Atayajua akisoma gazeti hili.

Basi mpwa wangu aliposema "ninunue ipi," nilimuuliza, "Italala wapi?" Hakuwa na jibu. Alikuwa amekwisha kufikiria rangi yake, lakini hajafikiria kitanda chake.

Na nyumba yake, wallahi, si ya kufyatulia risasi. Sisi wa Mji wa Kale tumelelewa katika kuta za mawe ya matumbawe, nene kama mkono ulivyo mrefu. Kule Litein nyumba nyingi ni za mbao na mabati. Risasi ya bastola ya milimita tisa, ambayo ndiyo ya kawaida, haiulizi ubao ruhusa. Hupita ukuta wa kwanza, hupita na wa pili. Nilimshika mkono mpwa wangu nikamsimamisha dukani pale alipolazwa na wezi. Nikamwambia anyooshe kidole mlangoni, kisha ageuke taratibu aone nyuma ya kila ubao pana nini. Mbele palikuwa na barabara na kibanda cha mama muuza chai. Kushoto palikuwa na jirani. Nyuma, hatua tano tu, palikuwa na kitanda cha watoto wake. Alikaa kimya muda mrefu kidogo.

Baada ya hapo ndipo nilipokubali kuitazama karatasi yake, maana sitaki kuambiwa nilikwepa swali.

Bastola ziko za aina mbili kubwa. Iko rivolva, ile yenye kigurudumu kinachozunguka na risasi tano au sita, na iko ile ya kujijaza yenyewe, ambayo risasi zake hupangwa katika magazini inayochomekwa ndani ya mpini. Ceska wanayobeba askari wengi wa Kenya ni ya aina hii ya pili. Vijana huipenda kwa kuwa ni bapa na hubeba risasi nyingi. Nami nilimwambia kwamba kwa mtu wa mara ya kwanza, asiye askari, rivolva ina adabu zaidi. Ukifungua kigurudumu unaona kwa macho yako kama kuna risasi au hakuna. Risasi moja ikigoma, unavuta tena inakuja nyingine. Ile ya kujijaza ina hila moja iliyokwisha kuua watu wengi duniani. Mtu huchomoa magazini akadhani amemaliza kazi, kumbe risasi moja imebaki mtutuni inamngoja. Hufuta vumbi, huvuta kifyatuo kwa mzaha, na matanga huanza.

Jambo jingine, vijana huvutiwa na bastola ndogo inayoingia mfukoni. Ndogo ni nyepesi, na kwa kuwa ni nyepesi huruka zaidi mkononi. Mkono wenye hofu haulengi shabaha nayo hata hatua saba. Afadhali yenye uzito kidogo, ambayo mpini wake unajaza kiganja na kidole hukifikia kifyatuo bila kujinyoosha. Hilo halijulikani kwa kusoma majina karatasini. Huna budi kuishika, kuipiga mahali pa mazoezi mbele ya mwalimu, na kurudi tena na tena. Hapo pana gharama ambayo muuzaji hakutajii, kwani risasi za mazoezi, sefu na ala yake, ukijumlisha na nauli za kwenda kujifunza, zitakula fedha karibu kama bastola yenyewe. Asiyeweza kugharimia mazoezi asinunue. Atakuwa amenunua chuma cha kuwatia moyo wezi, ambao wakikiona watakitaka.

Ninasema ala kwa makusudi. Wazee wetu walivaa majambia na panga za kiunoni, na adabu ya silaha waliijua. Mtu hupewa jambia likiwa alani, kwa mpini. Dini yetu imetukataza kumwelekezea ndugu chuma hata kwa utani, na watoto tulilijua hilo kabla hatujajua kuhesabu. Sijui limetutoka vipi. Leo utamkuta mtu mzima anamwonyesha mgeni bastola yake sebuleni kama anayemwonyesha simu mpya.

Sheria nayo si mchezo. Kwetu Kenya kuwa na bastola si haki ya mtu kama ilivyo Marekani, ambako jambo hilo limeandikwa katika katiba yao tangu 1791. Hapa ni kibali, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, nacho hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha kwa mtu aliyeonyesha sababu ya kutosha, mwenye hati ya tabia njema, na ambaye akili yake na mwenendo wake vimekaguliwa. Kibali kinaweza kunyang'anywa. Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha waende wakakaguliwe upya ndani ya siku 90, na vyeti vya zamani vikawa si kitu. Wenzangu wengi walinung'unika. Mimi nilishukuru kimoyomoyo. Nilikwenda kuirudisha, na hakuna jirani aliyeniuliza kwa nini.

Mpwa wangu aliniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba katika kituo cha malori alipata kunong'onezwa habari ya bastola isiyo na makaratasi, rahisi, inapatikana kwa juma moja. Hapo nilipandisha sauti mpaka mkewe akaja kuchungulia. Bastola ya namna hiyo hujui jana ilimwua nani. Siku ikikamatwa kwako, damu yake yote imekuwa yako, na kifungo chake ni kirefu. Nilimwambia, "Mwanangu, afadhali wakuibie kila Oktoba."

Kuna jambo aliloniambia ambalo nililiheshimu. Alisema, "Mjomba, hukuwapo hapa 2008." Ni kweli sikuwapo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu wa makabila mengine walifukuzwa katika nchi hiyo, na wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho walivamiwa katika nyumba zao, wakapigwa, na wengine wakauawa. Hofu ile haijatoka mifupani mwa wageni wa huko, na mpwa wangu, ingawa amejifunza Kikipsigis na anasalimia "chamgei" kama mwenyeji, bado ni mgeni. Lakini nilimuuliza, je, kundi la watu mia lenye mishale, marungu na viberiti lingezuiwa na risasi sita? Waliosalimika wakati ule wengi walisalimishwa na jirani aliyewaficha au aliyewaonya mapema. Jirani wa mpwa wangu ni mzee wa Kikipsigis aliyelinda shamba la chai usiku kwa miaka mingi akiwa na rungu, tochi na mbwa wawili. Tulipokwenda kunywa mursik kwake, alisema kitu kimoja tu juu ya habari hii. Alisema mbwa huamka kabla ya mwenye bunduki.

Huko Marekani kwenye bastola tele, Daktari Arthur Kellermann na wenziwe walichapisha mwaka 1993 uchunguzi uliohesabu kwamba nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mtu kuuawa humo karibu mara tatu kuliko isiyo nayo, na muuaji aghalabu alikuwa mtu wa nyumbani au anayejulikana. Wako waliompinga, wakisema watu walio hatarini ndio wanunuao bunduki. Labda. Mimi sikuhitaji daktari, nilikisikia kikohozi.

Rai yangu basi ni hii. Mwenye duka katika nchi ya chai, kabla ya kuleta bastola nyumbani, atoe fedha nyumbani. Siku hizi mkulima anaweza kulipa kwa simu. Fedha taslimu zipelekwe benki kabla ya magharibi, na ibandikwe karatasi mlangoni kusema hivyo. Taa iwekwe, mbwa wawepo, na duka lifungwe pamoja na duka la jirani. Akishayafanya hayo yote na bado hofu ikamkalia, na hali yake ikawa kweli ni ya hatari, sitamwita mjinga akiomba kibali. Ila aombe pamoja na mkewe, kwa maana mama wa nyumba ndiye atakayekaa na chuma kile mchana kutwa watoto wakicheza.

Na mkewe aliulizwa. Siku ya tatu, tukinywa chai, mama yule alisema kwamba anaogopa wezi, na anaogopa bastola, na hajajua kipi anakiogopa zaidi. Kisha akamuuliza mumewe lile swali langu, italala wapi, kana kwamba hakunisikia nikiliuliza.

Wakaitwa fundi. Fundi akagonga ukuta wa chumba kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa. Sefu haiwezi kufungwa kwenye ubao, akasema, mwizi ataibeba na ubao wake. Itabidi kwanza ujengwe ukuta wa mawe upande mmoja wa chumba, kuanzia chini kwenye msingi. Mpwa wangu akamuuliza ni mawe mangapi. Nilipopanda basi kurudi Mombasa, tingatinga lilikuwa limemwaga mzigo wa kwanza mbele ya duka, na kaka wa mkewe alikuwa akisogeza kitanda cha watoto upande wa ukuta mpya. Maombi ya kibali yalikuwa bado mezani hayajatiwa saini.