Akina Tolton wa Upareni

Sisi tunaosoma falsafa tunapenda kujadili ubaguzi wa rangi Marekani, na si vibaya. Padre Augustus Tolton alizaliwa utumwani Missouri mwaka 1854. Seminari za Marekani zilimkataa kwa weusi wake, akaenda kusoma Roma na kupadrishwa huko mwaka 1886. Mwaka 2019 Papa Fransisko alithibitisha fadhila zake za kishujaa.

Lakini sisi wa Mhezi tunawajua akina Tolton wetu? Tunafundishwa kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Ni kweli. Ila pamoja nao walikuwapo Waafrika waliokombolewa utumwani. Walilima, walijenga, na baadaye familia zao zikatumwa bara kuanzisha misioni mpya. Majina ya mapadre yamo vitabuni. Ya wengi wa hao hayamo.

Huku milimani ni vilevile. Padre alifika kigangoni mara chache, tena kwa miguu. Aliyefundisha Baba Yetu, aliyeandaa wabatizwa na kuzika wafu, ni katekista, akila kwa jembe lake.

Wapo wanaosema katekista alimtumikia Mungu, hahitaji sifa. Mbona hoja hiyo hatuitumii kwa wamisionari wa Ulaya?

Tunaomba kila jumuiya iandike majina ya makatekista wake wa kwanza, yasomwe kwenye Misa mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu. Tuanze kuwauliza wazee wa miaka 80 na kuendelea, mwaka huu huu, bila kungoja jubilei.