Ukiumia Ughaibuni, Usijikaze: Sema

Kila mwaka, kabla wenzetu hawajapanda ndege kwenda kusoma semista nje, huitwa kwenye semina ya maandalizi. Wanaambiwa kuhusu koti la baridi, akaunti ya benki, namna ya kumwandikia profesa barua pepe, na kwamba wasituaibishe. Sijasikia bado semina ambayo mtu alisimama akasema: ukivunjika mguu, fanya hivi. Kana kwamba mfupa wa Mtanzania ukishavuka mpaka unageuka chuma.

Mifupa inavunjika jamani, na mara nyingi inavunjika siku ya matembezi. Mwanafunzi aliyefungiwa maktaba wiki nzima akipata wikiendi mbili za bure anataka aone kila kitu. Anatembea kutwa, raba zimelika soli, njia zenyewe ni za mawe ya zamani, na juu ya mawe kuna barafu ambayo macho yetu ya joto hayajazoea kuiona.

Nilipokuwa Dresden, Ujerumani, mwenzetu mmoja wa Mbeya alikwenda Prague mwezi wa pili. Kwa treni ni kama saa mbili na nusu tu. Akateleza kwenye ngazi zinazoshuka kutoka kasri. Alirudi anachechemea, akameza vidonge vya maumivu alivyofungashiwa na mama yake, akatuambia, "Nimetegua kidogo tu." Jumatatu alikuwa na mtihani, hakuweza hata kuvaa kiatu. Jumatano ndipo akakubali kupelekwa hospitali. Kifundo kilikuwa kimevunjika.

Alikuwa na sababu mbili za kunyamaza, na wengi wetu tungekuwa nazo.

Ya kwanza ni hela. Huku tumezoea kuulizwa "umelipia faili?" kabla hata hujaulizwa unaumwa wapi. Yeye alishapiga hesabu kichwani, akaona deni la mamilioni. Kumbe Ujerumani hupati usajili wa chuo bila kuthibitisha bima ya afya, na ile bima ya umma anayokuwa nayo mwanafunzi ndiyo inayobeba mzigo. Mtu mzima akilazwa, yeye huchangia yuro 10 kwa siku, kwa siku zisizozidi 28 kwa mwaka. Mwenzetu alilazwa siku nne, akadaiwa yuro 40. Alikuwa ametumia zaidi ya hizo kwenye safari yenyewe.

Ya pili ni mama. "Yuko Mbeya, nikimwambia atafanya nini zaidi ya kupata presha?" Basi akawa anatuma nyumbani picha za Daraja la Charles alizopiga kabla ya kuanguka, moja moja kila siku, ili waone bado anadunda. Mama si mjinga. Siku ya tano akauliza, mbona kila siku shati lile lile na mawingu yale yale? Ikabidi aseme. Mama alilia jioni moja. Kesho yake akaanza kupiga simu, na ndani ya siku mbili alikuwa amepata ndugu wa ukoo anayeishi Leipzig, ambaye sisi wote hatukumjua. Jamaa akaja na unga, dagaa na gari. Sisi tuliokuwa naye bweni moja hatukuweza hayo.

Wapo watakaosema kujikaza ndiko kulikotufikisha hapa. Kweli, nani angemaliza chuo kwa bumu linalochelewa bila kujikaza kisabuni? Lakini njaa ya mwisho wa mwezi inaisha bumu likiingia. Mfupa ukiachwa unaunga vibaya. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo kitamuumbua. Na kabla ya kifo kuna mtihani. Ukikosa mtihani kule kwa ugonjwa, unatakiwa kupeleka cheti cha daktari ofisi ya mitihani bila kuchelewa. Mwenzetu alipeleka, akajibiwa kwamba daktari aliyemwona Jumatano hawezi kuisemea Jumatatu. Akaandikiwa amefeli. Kilichomfelisha ni zile siku tatu za "nimetegua kidogo tu". Mguu wenyewe ungesamehewa.

Kwa hiyo anayesafiri aondoke na haya. Namba ya dharura katika nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, nayo ni bure. Kwa Ujerumani, ukihitaji daktari usiku au wikiendi na si hali ya kufa na kupona, piga 116117. Geuza kadi yako ya bima ya umma ya Ujerumani: upande wa nyuma ndiyo kadi ya bima ya Ulaya, inayokuwezesha kutibiwa ukiwa Prague, Paris au Roma. Lakini sisi tusio raia wa Ulaya haitusaidii tukiwa Denmark, Norwei, Iceland, Liechtenstein wala Uswisi. Tena hailipii kuokolewa mlimani wala kurudishwa nyumbani. Ukipanga kwenda kupiga picha na theluji ya Uswisi, kata kwanza bima ya safari.

Na ukishafungwa plasta, usijifungie geto. Mguu mmoja hauzuii macho mawili. Prague yenyewe ina tramu namba 22 inayopanda hadi jirani na kasri, wala huhitaji zile ngazi. Dresden kuna kanisa la Frauenkirche, lililoporomoka kwa mabomu Februari 1945 na kufunguliwa tena mwaka 2005. Mwenzetu, na magongo yake, alikaa humo kwenye benchi akisikiliza kinanda mpaka tukamfuata. Sisi wenye miguu miwili tulikuwa tumepita humo dakika kumi, tukapiga picha, tukatoka. Alichokiona yeye hatukukiona.

Ninaiomba serikali yetu ya wanafunzi na ofisi inayosimamia mabadilishano haya mambo matatu kwenye semina ijayo. Kila anayesafiri asomewe bima yake kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na mahali inapogoma. Apewe namba ya mtu mmoja wa chuo hiki atakayepokea simu, maana wadhifa peke yake haupokei simu. Na aliyewahi kuumia akiwa nje aalikwe aseme, kama wanavyoalikwa waliorudi na alama nzuri.

Mwenzetu alirudia ule mtihani, akapita. Wengine muda wa masomo unaisha kabla mguu haujapona, wanarudi na somo pungufu na hakuna anayejua kwa nini. Tukiwafundisha kusema siku ile ile, nusu ya dawa tumeshawapa kabla hawajafika uwanja wa ndege.