Wageni wa Dodoma wapelekwe mashambani

Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, marafiki na jamaa wanaweza kufika makao makuu ya nchi Ijumaa jioni na kurejea makwao Jumapili bila kuchoka, na kwa sababu hiyo suala la mahali pa kumpeleka mgeni limekuwa zito kuliko zamani. Desturi iliyozoeleka ni kumzungusha kwa gari mbele ya Bunge, Chuo Kikuu cha Dodoma na Mji wa Serikali wa Mtumba, kisha kumketisha penye nyama choma mpaka usiku. Maoni ya safu hii ni kwamba mwenyeji anayetosheka na mzunguko huo anamnyima mgeni wake jambo ambalo hakuna mkoa mwingine wa Tanzania unaoweza kumpa kwa kiwango hicho, nalo ni siku nzima ya kutembea polepole katika mashamba ya mizabibu.

Kilimo hicho kilianza kukita mizizi miaka ya 1950 kupitia wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, na leo kinaonekana Hombolo, Mpunguzi, Chinangali na Makutupora, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania ina kituo chake cha zabibu. Nyanda za Dodoma ziko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake hunyesha msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Barani Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali na kuzaa mara moja kwa mwaka, lakini Dodoma haina majira hayo, hivyo mkulima mwenyewe huupumzisha mmea kwa kuupunguzia maji na kisha kuupogoa, yaani kuyakata matawi yaliyokwisha kuzaa ili machipukizi mapya yatoke na kubeba matunda baada ya miezi minne hivi. Ndiyo maana zabibu huvunwa mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti au Septemba. Mavuno ya kwanza huandamwa zaidi na magonjwa ya ukungu kwa sababu ya unyevu wa masika, ilhali yale ya kiangazi huiva katika jua kavu na kwa kawaida huwa na sukari nyingi zaidi.

Mambo hayo hayaonekani kupitia dirisha la gari. Mgeni anahitaji asubuhi nzima kupita katikati ya mistari ya nguzo na nyaya zinazobeba mizabibu, aonje tunda likiwa bado kwenye kichala, na amsikilize mkulima akieleza kwa nini tawi hili limekatwa na lile likaachwa. Mchana ndipo afike kiwandani kuona jinsi chachu inavyogeuza sukari ya juisi kuwa kileo, na jinsi mvinyo mwekundu unavyopata rangi na tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi, kwa kuachwa pamoja na maganda yake. Shamba moja na kiwanda kimoja vinatosha kwa siku, kwani anayekimbizwa vituo vinne huondoka na kichwa kizito na kumbukumbu chache. Maji na chakula vitangulie kila bilauri, na dereva asionje kabisa.

Siku ya namna hiyo ina faida kubwa kwa mkulima pia. Mahindi yanaweza kusubiri bei kihengeni, lakini zabibu za mvinyo zilizoiva hazisubiri, na mnunuzi akichelewa zinaozea shambani, kwa hiyo mwenye kiwanda ndiye hupanga bei. Wasindikaji wadogo wanaokamua wenyewe huuza mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi usiotiwa chupani, kwa viwanda vikubwa, na sehemu kubwa ya thamani huongezeka baada ya kutoka mikononi mwao. Mgeni anayelipia matembezi, chakula na kapu la zabibu huiacha fedha hiyo palepale shambani, na kwa maana hiyo methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone inatimia kwa mapato halisi.

Stellenbosch, nchini Afrika Kusini, iliunganisha mashamba yake katika njia ya mvinyo mwaka 1971, na tangu hapo wageni wamekuwa nguzo ya uchumi wake. Dodoma ijifunze mpangilio wa njia hiyo, lakini isisahau kwamba utajiri wa mashamba ya Cape, eneo ilipo Stellenbosch, ulijengwa na watumwa, na kwamba baadaye vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, utaratibu ulioharibu afya ya familia nyingi na ambao madhara yake yapo hadi leo. Sehemu kubwa ya mizabibu ya Dodoma ni mali ya wakulima wadogo, hivyo mgeni anaweza kupokewa na mwenye shamba mwenyewe, na hii ni heshima ya kulindwa kabla wawekezaji wakubwa hawajafika.

Ipo hoja kwamba matembezi hayo yanawatenga Waislamu na Wakristo wengi wasiokunywa pombe. Hoja hiyo ina uzito pale tu ambapo mwenyeji hana kingine cha kutoa zaidi ya mvinyo, jambo lisilo na sababu mahali penye juisi safi, zabibu za mezani na zabibu kavu, tena penye upishi wa Wagogo wa ugali wa uwele, mlenda na kuku wa kienyeji. Kinachokosekana katika mashamba mengi ni kivuli cha kukalia, choo safi na kibao barabarani kinachoonyesha njia, vitu ambavyo halmashauri na vyama vya ushirika vinaweza kuviweka kabla ya mavuno ya Agosti.