Kiporo cha Wali

Wengi husema chakula kilichochemka hakina hatari. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Wako vijidudu vya udongoni vinavyoshikamana na mpunga tangu shambani. Vikipatwa na shida, hujifunga ndani ya ganda gumu, vikawa kama mbegu kavu ghalani. Mwaka 1876 Ferdinand Cohn, mtaalamu wa Kijerumani, alionyesha kwamba mbegu hizo huweza kuchemshwa zisife. Maji yakitokota, kijidudu chenyewe hufa, mbegu yake hubaki.

Basi, mbegu hiyo yangoja nini? Yangoja mambo yale yale yangojwayo na punje ya mahindi: unyevu, chakula na joto la kadiri. Sufuria kubwa ya wali wa arusi, ikifunikwa na kuachwa usiku kucha, hukaa vuguvugu kwa saa nyingi. Hapo mbegu huchipua na vijidudu huzaana. Ndugu zao wapendao mchuzi wa nyama, katika joto la nyuzi 43 hadi 45, huweza kuongezeka mara mbili kwa dakika 10 hivi.

Sasa, akina mama, shikeni neno hili: vijidudu vya wali huweza kutoa sumu isiyoharibika kwa moto. Kwa hiyo kupasha kiporo asubuhi si dawa. Wali huo huenda usinuke wala usibadilike rangi, lakini mtoto akiula, hutapika baada ya saa chache.

Mbegu hatuziui kwa sufuria zetu, lakini twaweza kuzizuia zisiote. Kwanza, pikeni karibu na saa ya kula. Siku ya Kipaimara au arusi, kazi ya usiku iwe kuchagua mchele na kupasua kuni. Sufuria ipande jikoni alfajiri. Pili, chakula kinachongoja wageni kikae juu ya makaa, kiwe moto hasa, si vuguvugu. Tatu, kilichobaki wapeni majirani wakile papo hapo. Mwenye friji akitandaze katika sinia pana kipoe upesi, akiweke ndani kabla saa mbili hazijapita. Wali uliolala nje, mwageni.

Najua kumwaga chakula kunamwuma aliyekilima. Bwana wetu mwenyewe, alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliagiza mabaki yakusanywe. Basi tumtii kwa kupima mchele vema kabla ya kupika, wala tusimtii kwa tumbo la mtoto.